Gari Linapozungushwa, Wewe Umesimama Wapi?



Mama mmoja wa kigango cha mbali ameniandikia barua ya kurasa mbili. Kijana wake, aliye kidato cha tatu, siku hizi hatazami hata mpira. Simu yake imejaa video za magari yanayozunguka mahali pamoja kama pia, matairi yakitoa moshi mweupe, dereva akining'inia nje ya mlango na watu wakishangilia pembeni. Mama huyo anauliza mambo mawili. La kwanza, je, hii ni dalili ya ugonjwa wa akili? La pili, je, amnyang'anye simu?

La kwanza nalijibu upesi: hapana, si ugonjwa wa akili. La pili litanichukua ukurasa wote, kwa sababu mchezo huo nimekutana nao wodini, na tangu siku ile siwezi kuuongelea kama mtu aliyesikia habari zake kwa mbali.

Kitanda cha dirishani

Ilikuwa Jumamosi ya harusi, miaka miwili iliyopita. Msafara ulifika kwenye njia panda ya lami karibu na ukumbi. Matarumbeta yalikuwa yanalia juu ya pikapu, akina mama wanapunga vitambaa, bwana na bibi harusi wanasubiri waruhusiwe kuingia. Kijana mmoja wa miaka 22, fundi mwanafunzi wa gereji, alikuwa kwenye usukani wa Toyota Mark II. Gari halikuwa lake, wala la bosi wake. Lilikuwa la mteja, limeachwa gereji libadilishiwe pedi za breki.

Akalizungusha. Mara ya kwanza watu wakarudi nyuma kwa woga. Mara ya pili wakasogea mbele. Mara ya tatu matairi ya nyuma, ambayo yalikuwa yanateleza juu ya mchanga uliomwagika barabarani, yakafika kwenye lami kavu yakashika ghafla. Gari likachomoka kama mshale kuelekea upande ambao watu walikuwa wengi. Wengine walikimbia. Kijana mmoja wa miaka 19 hakukimbia, kwa kuwa alikuwa anapiga video na jicho lake lilikuwa kwenye kioo cha simu. Gari lilimrusha akaangukia ukingo wa kalvati.

Dereva alitoka na mchubuko kwenye kiwiko.

Wenzake walimbeba yule kijana kwa upendo wote, lakini kwa namna mbaya: wawili mikono, wawili miguu, kama gunia. Kirikuu lililopatikana lilikuwa na viti vya harusi nyuma, hakukuwa na nafasi ya kumlaza, basi wakamkalisha katikati ya marafiki wawili wamshikilie. Barabara ya kuja kwetu mnaijua.

Nilikuwa zamu ya jioni. Alikuwa anaongea vizuri, hata aliuliza simu yake iko wapi. Nilimfinya kidole gumba cha mguu, nikafinya kifundo, nikafinya goti. Nikamwuliza, "Mwanangu, nimekushika wapi?" Akanijibu, "Bado hujanigusa, sista." (Wagonjwa wengi hutuita sista hata sisi tusio watawa.)

Tulimlaza kitanda cha dirishani. Alikaa pale muda mrefu, na habari zake nitazirudia.

Mchezo huu umetoka wapi?

Yule dereva aliniambia baadaye kwamba alijifunza kwa kutazama video za Johannesburg. Basi nikataka kujua huko Johannesburg kuna nini, kwani si haki kulaani kitu usichokijua.

Kuzungusha magari kwa namna hii kulianza Soweto katika miaka ya 1980, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Wanaosimulia historia yake husema kulianzia kwa magenge ya wahuni walioiba magari. Mmoja wao akifa, wenzake walikuja mazishini na gari la wizi, wakalizungusha hadi moshi ukafunika watu, ndiyo heshima yao ya mwisho kwa marehemu. Taratibu jambo hilo likatoka makaburini likaingia mitaani, kwenye sherehe na mikusanyiko ya mwisho wa juma.

Gari lililopendwa kuliko yote lilikuwa BMW ya umbo la pembepembe la miaka ya 1980, hasa ile ya 325i. Kampuni ya BMW ina kiwanda Rosslyn, karibu na Pretoria, kwa hiyo magari hayo hayakuwa mageni nchini humo. Vijana wa vitongojini waliliita gusheshe. Ni gari jepesi lenye injini yenye nguvu, na nguvu hiyo hupelekwa kwenye matairi ya nyuma. Hapo ndipo penye siri ya mchezo wote. Matairi ya mbele hukata kona, ya nyuma husukumwa kwa nguvu mpaka yanapoteza mshiko na kuteleza, na mkia wa gari huzunguka kuizunguka pua. Wengine huchomelea difu kwa welding ili matairi yote mawili ya nyuma yazunguke sawasawa. Magari yetu yaliyotumika kutoka Japani, Mark II, Chaser na Mark X, nayo husukumwa na matairi ya nyuma, ndiyo maana vijana wetu wanaoutazama mchezo huo huona kwamba kifaa wanacho tayari.

Mwaka 2014 Afrika Kusini iliutambua rasmi kuwa mchezo wa magari kama ilivyo michezo mingine. Viko viwanja vyake, kama Wheelz N Smoke cha Johannesburg, ambako watu hulipa kiingilio na kutazama kutoka nyuma ya kizuizi. Kuna madereva wanaoheshimika kabisa. Mmoja ni binti aitwaye Stacey-Lee May, aliyekuwa akisoma sheria chuoni huku akizungusha BMW yake, na mwaka 2019 alionekana katika mashindano ya televisheni ya Marekani yaitwayo Hyperdrive. Nimewatazama madereva hao kwenye simu ya mwanangu. Nakiri kwamba wana ufundi. Mtu anayeshuka kwenye gari linalojizungusha lenyewe, akatembea kando yake, kisha akaingia tena, amefanya mazoezi mengi kuliko tunayofikiri.

Huko Saudi Arabia nako kuna mchezo unaofanana na huu, wanauita tafhiti. Wenyewe huendesha kwa kasi kubwa kwenye barabara ndefu zilizonyooka, kisha hulipindua gari liteleze ubavuubavu huku watazamaji wamejipanga kando ya barabara. Ulikua baada ya utajiri wa mafuta wa miaka ya 1970, miji ilipojaa barabara pana na vijana wasio na la kufanya jioni. Serikali yao imeongeza adhabu mara kadhaa: tangu mwaka 2016 kosa la kwanza ni faini ya riali 20,000 na gari kuzuiwa siku 15, la pili 40,000, la tatu 60,000. Ni fedha nyingi sana. Hata hivyo tangu muda mrefu vijana walikuwa wakicheza huku polisi wanawafukuza, na baadhi yao walikiri kwamba kufukuzwa ndiyo sehemu ya utamu. Hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye suala la kunyang'anya simu.

Msiseme kwamba haya ni ya nje tu. Hapa kwetu kijana wa bodaboda akifa, wenzake humsindikiza makaburini kwa msafara wa pikipiki, honi zinalia, wengine wamesimama juu ya viti, wengine wananyanyua tairi la mbele. Watu wa Soweto wangewaelewa bila mkalimani.

Kinachowavuta

Yule dereva, nitamwita Fundi, alianza kuja wodini siku ya tatu. Hakuingia. Alisimama mlangoni saa za kutazama wagonjwa, kisha akaondoka. Siku ya tano nilimpeleka kwenye benchi la nje, nikampa chai, nikamwuliza alikuwa anatafuta nini pale njia panda. Nilitegemea aniambie pombe. Hakuwa amekunywa.

Akaniambia hivi: "Mama, gereji mimi naitwa 'wewe'. Wewe leta spana namba 14. Wewe pita chini ya gari. Nina mwaka wa tatu pale. Lakini gari likianza kuzunguka, watu wananiita kwa jina langu."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Wazazi wengi hudhani kijana anavutwa na hatari. Nafikiri hatari ni kama chumvi tu kwenye chakula. Chakula chenyewe ni kuonekana. Kijana asiye na kazi ya maana, asiye na shamba lake, asiyeulizwa maoni nyumbani wala kwenye jumuiya, kwa dakika tatu anakuwa katikati ya duara na macho mia mbili yako juu yake. Ni nani kati yetu amewahi kumpa hizo dakika tatu kwa jambo jingine?

Tena ubongo wa umri huo una tabia yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kusema "ngoja kwanza", huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20 na kitu. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wa rika tatu waliocheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Walipocheza peke yao, tofauti haikuwa kubwa. Walipocheza huku wenzao wanatazama, wale wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi sana, wale wa miaka 18 hadi 22 nao waliongeza, lakini watu wazima walibaki karibu vilevile. Hawakuongezewa akseleta, wala pombe. Waliongezewa marafiki tu.

Kwa hiyo ninyi mnaosimama pembeni mkipiga vigelegele msidhani kwamba mnatazama tu. Mnakanyaga akseleta pamoja na dereva. Nasema "ninyi" lakini na mimi nimo. Nikiwa msichana tulikuwa na dereva wa basi aliyeingia stendi kwa kona kali, basi limeinama upande mmoja, honi ya muziki inalia. Sisi wanafunzi tulimshangilia kwa jina. Siku aliyoingia polepole tulimzomea. Sijui kama alikuwa na miaka 25.

Gari lisiloshikwa na mtu

Tuseme sasa kuhusu hatari zenyewe, maana hapa ndipo ninapoweza kuwasaidia.

Katika ajali nyingi za barabarani anayeendesha yumo hatarini kama wengine. Katika kuzungusha gari hatari humwendea kwanza aliyesimama nje. Dereva amezungukwa na bati na mwendo wa duara si mkubwa sana. Mtazamaji ana shati lake tu, na mbele yake kuna chuma cha zaidi ya kilo 1,300. Pia gari linaloteleza haliendi kule pua inakotazama. Linakwenda kule matairi yatakapopata mshiko, na hakuna ajuaye ni wapi: penye lami kavu, penye kokoto, penye oili iliyomwagika. Moshi nao humfunika dereva asione watu wamesogea kiasi gani. Na wao husogea kila raundi, kama walivyosogea siku ile.

Tairi linalosuguliwa hivyo huliwa kwa dakika chache mpaka nyaya za ndani zinatokeza. Likipasuka, vipande vya mpira na waya huruka.

Kwa aliyemo ndani, balaa ni kutoka nje. Ili ajitokeze dirishani au aning'inie mlangoni lazima afungue mkanda. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliomo garini hadi nusu, na yeye ameutupa pembeni kwa hiari. Mkono ukichomoka anaanguka kwenye njia ya tairi la nyuma la gari lake mwenyewe. Nao abiria wanaokaa juu ya milango na madirisha kwenye misafara ya harusi, wakiwemo wasichana waliovaa sare za kamati, wako katika hali hiyohiyo.

Kuhusu mwendo, kumbukeni hesabu moja. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Kijana anayetoka kilometa 30 kwenda 60 kwa saa "kidogo tu" amejiongezea pigo mara nne.

Shirika hilohilo lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote. Sisi tunaochoma chanjo na kugawa vyandarua tunalea watoto mpaka wanavuka malaria, wanavuka surua, kisha tunawapokea wakiwa wameletwa nyuma ya kirikuu.

Kinachovunjika

Mfupa wa paja ukivunjika, damu inaweza kuvujia ndani ya nyama za paja lita moja au zaidi bila hata tone kuonekana nje. Mtu mzima ana lita tano hivi. Ndugu huniambia, "Sista, hana jeraha, mbona anatetemeka na jasho la baridi?" Jeraha liko ndani. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji maji ya mshipani na mara nyingi damu, na damu haitengenezwi kiwandani, hutoka kwenu. Pasipo upasuaji wa kuweka chuma hulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito.

Pigo la kichwa ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu linadanganya. Kijana anaanguka, anazimia dakika moja, anaamka, anacheka, anasema yuko sawa. Watu wanampigia makofi. Anakwenda nyumbani kulala. Ndani ya fuvu mshipa umechanika na damu inajikusanya polepole, inaubana ubongo, na asubuhi mama anakuta mwanawe haamki. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na mara zote nyumbani walisema, "Lakini jana alikula hata ugali."

Kwa hiyo mtu aliyepigwa kichwa asiachwe alale peke yake usiku wa kwanza. Mwamsheni mara kwa mara, mwulizeni jina lake na mahali alipo. Akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akitapika zaidi ya mara moja, akiwa mzito kuamka, akiongea ovyo, akipata degedege, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au maji mepesi au damu ikimtoka sikioni au puani, msingoje kupambazuke. Msimpe dawa ya usingizi wala pombe "ya kumtuliza".

Halafu uti wa mgongo. Ndani ya pingili zake hupita neva zinazopeleka amri miguuni na kuleta habari kutoka huko. Zikikatika hazishonwi. Kijana wetu wa kitanda cha dirishani alivunjika mgongo usawa wa chini ya kifua. Siwezi kusema neva zilikatika palepale kwenye kalvati, au ziliumia zaidi alipobebwa kama gunia na kukalishwa kwenye kirikuu. Hakuna anayeweza kujua, na marafiki zake nimewakataza kujiuliza. Ninachojua ni kwamba mgongo uliovunjika ukikunjwa unaweza kumalizia kile ambacho gari halikukimaliza.

Watu wakisikia "amepooza miguu" huwaza kutembea tu. Hawajui kwamba na mkojo hautoki wenyewe, lazima mpira. Haja kubwa nayo inahitaji msaada. Ngozi isiyohisi maumivu haimwambii mwenyewe ageuke, na saa chache tu za kulalia mahali pamoja zinatosha kuanza kidonda kitakachofika mpaka mfupani. Wengi wa wagonjwa hawa hawauawi na mgongo. Wanauawa na kidonda cha matako au ugonjwa wa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo hugeuzwa kila saa mbili, mchana na usiku. Saa mbili, nne, sita, nane. Wodi yetu usiku ina wauguzi wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30.

Mama wa mgonjwa alikuwa akigeuza na mwanawe mdogo wa kike. Siku ya tisa yule binti alirudi shule. Fundi alikuwa mlangoni kama kawaida yake. Yule mama, ambaye hakuwahi kumwangalia usoni, alimwita bila kugeuka: "Njoo, shika huko miguuni." Tangu jioni ile Fundi alikuja kila siku baada ya kazi na kukaa hadi geuzo la saa sita usiku. Gereji walikuwa wamekwisha kumfukuza, kwa hiyo "kazi" ilikuwa vibarua vya kubeba matofali. Sikusikia wakiongea mengi. Nilisikia hesabu tu: moja, mbili, tatu, geuza.

Nini tufanye?

Nimrudie mama aliyeniandikia. Simu usimnyang'anye, mama. Ataitazama kwa rafiki yake, na utakuwa umejiondoa kwenye mazungumzo. Keti naye. Mwambie akuoneshe video anayoipenda kuliko zote, akueleze dereva anafanyaje, utashangaa anavyojua. Kisha mwombe airudishe, msimtazame dereva, mtazame ukingo wa picha. Wanaotazama wamesimama wapi? Wako umbali gani? Kuna ukuta au kizuizi, au kuna watoto wamekaa chini barabarani? Mwulize yeye angesimama wapi. Nimefanya hivi na vijana wa kipaimara, na nimewaona wakianza kugombana wenyewe juu ya nani atagongwa.

Wenye gereji, funguo za wateja zisiachwe zinaning'inia kwenye msumari Jumamosi jioni. Na huyo kijana mnayemwita "wewe" ana jina.

Kamati za harusi nazo zina nguvu kuliko trafiki. Mnapangia mpaka rangi ya vitambaa vya meza. Pangeni na madereva wa msafara ni nani, semeni mapema kwamba hakuna gari litakalozungushwa na hakuna mtu atakayekaa dirishani, na mshehereshaji apewe agizo kwamba asimsifu dereva kwa kipaza sauti wala mtu asimtunze fedha. Mkimnyima makofi, hataendelea kwa muda mrefu. Kama mnataka shamrashamra, matarumbeta yapo.

Wako vijana watakaosema: basi tupeni uwanja wenye ukuta kama wa Johannesburg. Sioni kosa kwenye ombi hilo. Lakini uwanja si eneo la wazi tu. Ni ukuta, ni gari la wagonjwa lililowashwa, ni mtu mwenye mamlaka ya kusema gari hili halifai leo. Pasipo hivyo ni njia panda ileile iliyohamishwa, na hata huko wenzetu walikojenga ajali hazijaisha.

Namna ya kumbeba

Ajali ikitokea, kwanza zuieni watu wasimnyanyue. Kama hakuna moto wala gari linaloweza kumwangukia, alale alivyo. Mmoja apige magoti kichwani mwake ashike kichwa kwa mikono miwili, kisigeuke. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kanga safi iliyokunjwa, bila kuachia kila dakika kuchungulia. Mfunikeni asipate baridi. Msimpe maji wala soda hata akiomba, maana huenda akahitaji upasuaji. Akitapika, ageuzwe ubavu, mwili wote pamoja. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na ule mzima.

Kumhamisha kunahitaji watu watano na kitu kigumu kilichonyooka: ubao, mlango uliong'olewa, benchi lisilo na mgongo. Mshika kichwa ndiye anayetoa amri. Wote humgeuza kwa pamoja kama gogo, ubao unapitishwa chini, anarudishwa juu yake. Kanga mbili zilizoviringishwa huwekwa kila upande wa shingo, na mwili hufungwa kwenye ubao. Gari liende polepole. Mleteni hospitali kwanza. Mmoja wenu aende polisi kufuata PF3.

Kijana wetu sasa yuko nyumbani, kwenye kiti cha magurudumu, anatengeneza simu za watu barazani kwa mama yake. Kidonda kimoja kilimrudisha kwetu mwaka jana kwa wiki tano. Fundi amepata gereji nyingine, na Jumapili humsukuma mpaka kanisani, kilometa moja na nusu, mlima.

Jumuiya yoyote inayotaka kufundishwa namna ya kumbeba majeruhi iache ujumbe kwa katekista wake au ofisi ya parokia. Tunakuja Jumamosi mchana, kabla ya saa za misafara. Mlango tunao, wa zamani, tuliung'oa stoo. Ninyi leteni kanga mbili na vijana watano wenye nguvu, na mmoja wa kulala chini ajifanye mgonjwa, asiye mzito sana.